Mstari wa Mwisho Haukuwa Wangu

Mnakuja kwangu Gungu kwa bodaboda, wawili wawili, simu mkononi, mnaniwekea wimbo sikioni kabla hata sijaitikia shikamoo yenu vizuri. "Bibi, hapa kamwimba nani? Hili neno lina nini ndani yake?" Mmoja wenu wiki iliyopita alinirekodi bila kuniambia. Nilimwona. Nikaendelea kumenya muhogo dakika nne nzima bila kufungua mdomo, na huo ndio uchambuzi alioondoka nao. Natumaini watu wake wa mtandaoni waliufurahia.

Nawaandikia ili msiseme nina kiburi. Kiburi ninacho, lakini hiki si chake. Miaka ya wakimbizi nililipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo mnayoifanya bure kwenye simu: kusema wimbo unaficha nini. Naijua kuliko ninyi. Nimeiharibu kuliko mtakavyoweza kuiharibu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi, hata kurasa hizi nimeziandika upya mara tano, na mara ya tano nilifuta koma moja nikairudisha. Mnivumilie.

Kituo chetu cha redio kilikuwa na vyumba viwili na mlingoti, juu ya kilima hapo Kigoma mjini. Ukisimama mlangoni uliona reli inapoishia na ziwa linapoanzia. Tuliutangazia mji na tuliwatangazia watu wa kambi za wakimbizi. Asubuhi salamu, mchana majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao, jioni nyimbo. Kaseti zilikuja na malori yaliyokuwa yakirudi kutoka kupeleka chakula kambini, zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, nyingine zina mchanga ndani ukizitikisa. Nyimbo za Kirundi, za Kiha, za Kibembe, za Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Hakuna wimbo uliopigwa hewani kabla mimi sijaujazia karatasi.

Karatasi ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza, Maneno. Cha pili, Maana. Cha tatu, Maana Iliyofichwa. Chini kabisa sahihi na mhuri. Watu waliogopa nyimbo miaka ile, na hawakukosa sababu. Wengi wa waliokuja kwetu walikuwa wamesikia kwa masikio yao wimbo ukiimbwa leo na nyumba zikichomwa kesho. Kwa hiyo simcheki aliyeibuni karatasi ile. Namcheka aliyeijaza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama yangu Muha wa Kasulu, baba mtu wa Ujiji ambaye babu zake walifika na misafara kutoka pwani wakasahau kurudi. Kiha nilinyonya. Kirundi nilikiokota kwa jirani zetu waliokimbia zamani, kabla sijazaliwa. Nilikaa barazani kwao na daftari, nikaandika kila walichosema, hata matusi, hasa matusi. Hakuna aliyenifundisha kufasiri. Nilijifunza kama mwizi anavyojifunza kufuli, peke yangu na kwa hofu. Na kwa kuwa sikuwa na cheti, niliamini kwamba siku yoyote mtu atasukuma mlango wa kituo aniulize cheti kiko wapi.

Ndiyo maana kila karatasi niliiandika mara tatu, mistari yote kwa rula. Mara nyingine nilishafika karibu na Ujiji jioni nikageuka, nikapanda kilima tena kuhakikisha kwamba nimeweka nukta. Mlinzi alikuwa akiniona ananifungulia geti huku akinitania. "Nukta au mkato leo?" Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni kisanduku kitupu. Cha tatu kikibaki wazi, niliona mtupu ni mimi. Niliona mkuu wangu atasema, kumbe huyu hajui, kumbe tunamlipa bure. Kwa hiyo kisanduku cha tatu sikukiacha wazi hata siku moja. Nilikijaza. Kama hakikuwa na kitu, nilikitafutia.

Mfano, tucheke kidogo kabla hatujafika mahali pasipo na kicheko. Ililetwa kaseti ya mzee wa Buhigwe akimwimba mrembo wake: shingo ndefu, hatua za taratibu, macho yaliyopakwa wanja na Mungu mwenyewe, akipita mtoni vijana wanaacha kunywa maji. Nikaandika kwenye cha tatu kwamba huyu ni mke wa mtu, kwamba wimbo ni wa ugoni, usipigwe siku za Ijumaa wala Jumapili. Wiki mbili baadaye mzee akapanda kilima na furushi la maharage, akauliza ni nani aliyechelewesha wimbo wake. Nikajitokeza.

"Binti," akasema, "mke wa nani? Yule ni ng'ombe."

Mkuu wangu, Bwana Msofe, alikuwa Mpare aliyehamishiwa Kigoma. Kiha hakujua, Kirundi hakujua, alijua mhuri. Alicheka hadi chai ikamtoka puani. Kisha akasema kitu ambacho ningekishika ningeokoa mengi: "Tausi, si lazima ujue kila kitu." Nilikwenda nyumbani nikalia. Nilisikia kama tusi.

Aliyejaribu kunifundisha kwa dhati ni Bibi Bukuru, mdogo wake bibi mzaa mama. Alianika dagaa Kibirizi, kwenye mchanga wa ziwa, pamoja na wanawake wengine kumi na kitu, na wote waliimba wakigeuza. Jumamosi nilikuwa nakwenda kwake na redio kaseti ndogo ya ofisi, nimeifunika kanga isiingie magamba.

"Niwekee," anasema. Namwekea. Anaendelea kugeuza dagaa. Wimbo unaisha.

"Wanafanya nini hawa?"

"Wanaimba, Bibi."

"Nakuuliza mikono yao inafanya nini."

"Kaseti haionyeshi mikono."

"Basi huna wimbo hapo. Una sauti tu." Kisha ananipa ufagio. "Geuza upande ule, jua linahama."

Na ilikuwa kweli, vijana wangu, mkitaka ufundi huu chukueni hapa. Wimbo wa kutwanga una pumzi fupi, kwa sababu mchi unakata maneno. Wimbo wa kuvuta nyavu unasubiriana. Wanaoimba wameketi humalizia maneno yao. Wanaoimba wakibeba mzigo humeza mwisho. Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili hesabu pumzi. Mara ya tatu ndipo uandike, na kabla ya kuandika uliza: mikono ilikuwa wapi, na aliyekuwa akiimbiwa alikuwa amekaa wapi. Bibi Bukuru alinieleza haya yote bure, na mimi niliyaandika vizuri sana kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa rula, nikaendelea kufasiri nikiwa nimefunga mlango wa studio.

Kisha ikaja kaseti ya Dafroza.

Dafroza alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, katika kambi ya upande wa Kasulu, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyekuwa na kikundi cha waimbaji sita. Sikuwa nimemwona. Nilikuwa na sauti yake tu, na ilikuwa sauti ya mtu asiyekubembeleza umpende. Wimbo wenyewe mfupi. Kwa Kiswahili ni hivi:

Njoo kwenye jiwe, njoo kwenye jiwe,
miguu imerudi na vumbi la watu.
Vumbi la watu halilali kwetu.
Maji ni haya, mwenye nyumba ni mimi.
Nipe mguu wa kulia, nipe mguu wa kushoto,
ukishatakata utasema,

na hapo walinyamaza. Wote saba, kwa pamoja, kama mtu amewakata kwa kisu. Kimya cha pumzi mbili ndefu. Halafu wanaanza tena mwanzo. Mara nne wimbo, mara nne kimya.

Mngeniona siku ile. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeokota pete. Huu sasa ulikuwa wimbo wenye kitu. Niliandika kisanduku cha tatu hadi nikageuza karatasi nyuma. Jiwe, nikaandika, ni jiwe la mpaka. Vumbi la watu ni jeshi la upande mwingine. Halilali kwetu, yaani wafukuzwe. Mguu wa kulia na wa kushoto ni kushambulia kwa pande mbili. Mstari wa mwisho umefichwa kwa makusudi, unajulikana na wenyewe. Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea kama watu wengine wanavyokosea. Lakini siwezi kuacha kitu bila mwisho. Mstari ulionyamaziwa uliniwasha kama upupu. Nikaumalizia. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kwa mtiririko wa wimbo, mstari uliofichwa huenda ni: tutavuka usiku na moto."

Huenda. Naliona neno hilo hadi leo, dogo, limejikunyata katikati ya sentensi. Niliweka sahihi. Bwana Msofe akapiga mhuri.

Siku ya tatu akaja ofisa mmoja aliyekuwa anahusika na usalama kambini. Jina lake nalifahamu na silitaji, ana wajukuu. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaniita.

"Umeandika wewe, binti?"

"Ndiyo, mzee."

"Kazi nzuri. Safi sana."

Nisiwafiche. Nilifurahi. Nilishuka kilima nikihisi nimepata cheti.

Wiki iliyofuata wimbo ulifungiwa, kikundi kikakatazwa kuimba popote, na ikaja taarifa kwamba kiongozi wao atahojiwa siku ya Ijumaa, kisha atahamishiwa kambi nyingine, mbali, kule ambako redio yetu ilikuwa haifiki. Neno "huenda" halikuwemo kwenye taarifa hiyo. Lilikuwa limeanguka njiani. Iliandikwa tu: wimbo unasema watavuka usiku na moto.

Jumatano Dafroza mwenyewe akatokea kituoni. Alikuwa amepata kibali cha kuja hospitali ya mjini, akapanda lori, akapitia kwetu kwanza. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge kilichopauka, ameshika viatu mkononi maana alivua kupanda kilima.

"Amahoro," akasema. "Naambiwa hapa kuna dada anayesoma nyimbo."

"Ndiye mimi."

"Dada, wimbo wangu umefanya kosa gani?"

Ningeweza kumwambia hilo ni suala la ofisi. Sijui kwa nini sikusema. Nilitoa nakala yangu nikamsomea, kisanduku kwa kisanduku, nikimfasiria kwa Kirundi. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye mashambulizi ya pande mbili akacheka, cheko la kweli, akajiziba mdomo. Nilipofika mstari wa mwisho hakucheka tena.

"Huo nani kasema?"

"Mimi. Nilikisia."

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

"Dada, umewahi kuosha miguu ya mtoto?"

"Sijajaliwa mtoto."

"Naona," akasema.

Nikafunga ofisi. Sikuwahi kufunga ofisi saa za kazi. Nilimwambia twende Kibirizi, ale chochote kabla ya hospitali. Ukweli ni kwamba nilimtaka Bibi Bukuru, kama mtoto aliyevunja chungu anavyomtaka mtu mzima. Tulimkuta ameinama juu ya dagaa wake. Sikueleza kitu. Nilimwambia Dafroza amwimbie, na Dafroza akaimba taratibu, pale pale mchangani, amekaa na sahani ya ugali wa muhogo mapajani.

Mstari wa pili haujaisha, Bibi Bukuru akadakia. Maneno yake ya Kiha yalitofautiana kidogo, lakini wimbo ulikuwa ule ule. Walikwenda pamoja, jiwe, vumbi, maji, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ukishatakata utasema, wakanyamaza wote wawili. Kimya kile kile. Pumzi mbili.

"Huu wa miguu," Bibi akasema. "Wewe hukuimbiwa?"

"Mimi nilioga kwa bibi wa Ujiji. Kwa sabuni na makofi."

"Ndiyo maana."

Kisha akanieleza, na wanawake wa dagaa wakaongezea, kila mmoja akitaka aseme yeye. Mtoto akirudi kucheza haingii ndani na miguu michafu. Mama anamkalisha kwenye jiwe la mlangoni, anamwosha, anaimba. Jiwe ni jiwe. Vumbi ni vumbi. Mstari wa mwisho si wa mama, ni wa mtoto. Kila nyumba ina wake, mtoto ndiye anayeusema, na akishausema anaruka anaingia ndani.

"Wa nyumba yako ulikuwa upi, Bibi?"

"Siwezi kuusema mimi."

"Mbona umeshamaliza kuosha watoto?"

"Mwenye kuusema yuko Mpanda, ana mvi. Nitausema vipi mimi? Nimekuwa yeye?"

Wanawake walicheka. Dafroza hakucheka. Ndipo akatueleza, akitazama sahani. Siku waliyokimbia kulikuwa na mitumbwi miwili ufukweni upande wao. Mtu alimnyanyua binti yake akamweka kwenye wa kwanza, yeye akasukumwa kwenye wa pili, na mitumbwi haikufika mahali pamoja. Mtoto anaitwa Esperansi. Alikuwa na miaka sita, sasa minane. Alishamtangaza kwenye majina ya mchana. Na watu walikuja.

"Walikuja?"

"Mara mbili waliniletea mtoto. Wa kwanza alikuwa amefundishwa jina langu na aliyemleta, ili aandikwe kwenye kadi yangu ya chakula. Wa pili alitaka mama tu, yeyote. Aliniita mama kabla sijafika karibu." Akaiweka sahani chini. "Miaka miwili, Dada, sura ya mtoto inabadilika. Na mimi nataka sana awe yeye. Nikitaka sana namna hii, naweza kujidanganya. Ule mstari hauwezi kunidanganya. Anaujua yeye na mimi, na akiusikia wimbo redioni ataumalizia."

Ndiyo iliyokuwa maana iliyofichwa. Haikuwa ndani ya neno hata moja kati ya yale niliyoyachambua. Ilikuwa ndani ya kimya, na kimya hicho mimi nilikijaza moto.

Kwa hiyo mnaona Ijumaa ilivyokuwa inakuja. Ofisa atamwuliza mstari wa mwisho. Akiusema, utaandikwa, utapita ofisi tatu, utasikiwa na kila karani, na haulindi tena chochote. Asipousema, maneno yangu yatasimama badala yake. Na akihamishwa, hata Esperansi akiwa mahali redio inapofika, hakutakuwa na wimbo wa yeye kuujibu.

Alhamisi sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi nilichukua fomu mpya. Niliijaza mara moja tu, bila rula.

Mahojiano yalifanyika ofisini kwa Bwana Msofe kwa sababu wimbo ulikuwa kwetu. Ofisa kakaa kwenye kiti cha mkuu. Dafroza kasimama. Mimi niliingia bila kuitwa.

"Mzee, nimeleta karatasi."

"Karatasi ninayo."

"Hiyo naifuta."

Aliipokea mpya akaisoma. Maneno: kama yalivyo. Maana: mama anamwosha mtoto miguu. Maana iliyofichwa: hakuna ya kuandikwa hapa. Mstari niliouandika awali niliubuni mimi, haukuimbwa na mtu yeyote.

"Unasema ulidanganya ofisi?"

"Nasema nilijifanya najua."

"Sasa mstari wenyewe ni upi? Aseme, tumalize."

"Hatausema."

"Sikukuuliza wewe." Akamgeukia Dafroza. "Mama, ni mstari mmoja. Mtu asiye na la kuficha anausema."

Dafroza alitazama sakafu. Niliona vidole vyake vikiminya kitenge, na nikajua kwamba akibanwa dakika tano zaidi atausema, maana alishazoea kutii watu waliokaa kwenye viti. Nikasema kabla yake.

"Mzee, ulimwamini nani kwamba wimbo huu ni wa vita? Uliniamini mimi. Hukuwa na shahidi mwingine. Shahidi wako sasa anakwambia alikosea. Ukitaka kumhamisha mama huyu, mhamishe, lakini uandike umemhamisha kwa sababu ya kuosha miguu. Mimi nitatia sahihi hiyo."

Ofisa akaisoma tena karatasi mpya.

"Binti, lolote likitokea huko kambini, jina lako lipo hapa."

"Ndiyo maana nimeliandika kwa herufi kubwa."

Ofisa alimtazama Bwana Msofe, kama mtu anayesubiri mwenye mbwa amwite mbwa wake. Bwana Msofe alikuwa anakunja na kukunjua leso. Alikuwa mwoga kama mimi, nawaambia, na alikuwa na watoto watano. "Tausi," akasema, "unajua siwezi kukuacha kazini baada ya karatasi hii." Nikasema najua. Akachukua mhuri. Akaupulizia pumzi kama kawaida yake, wino ulikuwa mkavu siku zote. Akaipiga karatasi yangu mhuri, akasema, "Wimbo utapigwa Alhamisi."

Ofisa aliondoka na nakala zote mbili. Dafroza hakuhamishwa. Mimi ndiye niliyehamishwa: miezi minne nilianika dagaa Kibirizi, na harufu ile haikutoka kwenye nywele hadi mfungo ukaisha. Wanawake waliniita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, geuza upande ule. Mheshimiwa, hao dagaa wana maana gani iliyofichwa?" Kila Alhamisi jioni walizima maneno yao na redio ikawashwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Dafroza aliimba, akanyamaza, aliimba, akanyamaza. Kwenye kile kimya tulisikia mawimbi tu.

Mwezi wa tano Bwana Msofe aliniita. Alikuwa na kaseti iliyotumwa kutoka kambi ya upande mwingine kabisa, na karani wa huko ameandika juu yake: kuna mtoto. Kazi yangu, akasema Bwana Msofe bila kunitazama, hakuna mwingine aliyeiweza. Wasomi wawili waliletwa na wote waliandika "hakuna" kwenye kila kisanduku wakaenda kunywa chai. Alikuwa ameshamwombea Dafroza kibali, na Dafroza alikuwa njiani.

Kaseti ilikuwa mbaya. Karani alikuwa ameshika kinasa sauti karibu na redio wakati wimbo wetu unapigwa; kuku wanalia, mtu anakohoa. Kwa utaratibu wangu wa zamani ningeirudisha. Na katikati ya kuku, sauti ya Dafroza ikisema ukishatakata utase, na kabla neno halijaisha, sauti ndogo ikapanda juu ya yake, haraka haraka, mstari mzima, imemaliza hata kimya hakijaanza.

Nilimvalisha Dafroza hedifoni mimi mwenyewe. Alisikiliza mara moja. Mara ya pili. Nilikuwa namtazama mdomo, nikisubiri kama maneno ni yenyewe. Mara ya tatu akazivua taratibu.

"Ameingia mapema," akasema.

Nikauliza, "Kwa hiyo siye?"

"Siku zote anaingia mapema. Hanisubiri nimalize. Nilimgombeza mpaka nikachoka." Alikuwa ameshika zile hedifoni kama mtu aliyeshika miguu ya mtu. "Hakuna aliyeweza kumfundisha kukosea hivyo."

Bwana Msofe alinisogezea fomu, maana hata siku hiyo fomu ilikuwa fomu. Kwenye cha kwanza nikaandika: mstari mmoja, na kuku. Kwenye cha pili: mtoto anamjibu mama yake. Cha tatu nilikiangalia. Mkono uliniwasha, siwadanganyi, hadi leo huniwasha. Nikaweka kalamu chini, nikaikalia mikono yangu. Bwana Msofe alisubiri, akaona hakuna linalokuja, akaupulizia mhuri pumzi.

Basi njooni Gungu, lakini njooni bila kurekodi. Leteni nyimbo zenu, tutazisikiliza mara tatu, na nitawauliza mikono ya huyo mwimbaji ilikuwa wapi, nanyi mtasema hamjui, nami nitawapa muhogo mmenye. Mstari wa Esperansi nimeusikia, na naukumbuka neno kwa neno. Mnaweza kuniuliza hadi mchoke. Miguu haikuwa yangu.